Sahihi Ghali Kuliko Deni: Kujibu Barua ya Onyo ya Filamu nchini Ujerumani

Nchini Ujerumani, mtu anayetuhumiwa kupakua filamu kinyume cha sheria kwa kawaida hapati taarifa ya jambo hilo kutoka kwa polisi wala mahakamani, bali katika bahasha ya ofisi ya mawakili, ambayo ndani yake mna kurasa kadhaa zinazotaja jina la filamu, tarehe, saa hadi sekunde, nambari iliyotambulisha laini yake ya intaneti, na madai ya fedha ambayo mara nyingi hukaribia euro 1,000. Barua hiyo huitwa Abmahnung, yaani onyo la maandishi ambalo mwenye haki humpelekea anayemtuhumu kabla ya kufungua kesi, ili shauri liweze kumalizwa nje ya mahakama. Haibagui mpokeaji, kwa kuwa inachokitafuta ni jina lililo kwenye mkataba wa intaneti; lakini kwa mwanafunzi au muuguzi aliyetoka Afrika Mashariki huja na ugeni wa ziada, kwa sababu ametoka katika mazingira ambamo filamu za nje, zikiwa zimetiwa masimulizi ya Kiswahili na maDJ, zimeuzwa kwa CD na flashi mitaani na kuonyeshwa katika vibanda umiza kwa miaka mingi bila mtazamaji kuulizwa zilikotoka.

Mpokeaji wa barua hiyo huelekea kufanya moja kati ya mambo mawili: ama huitupa akiamini kuwa ni utapeli, ama huingiwa na hofu, akatia sahihi fomu iliyoambatishwa na kutuma fedha kabla jua halijatua. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuichukulia barua kuwa dai moja la kukubaliwa au kukataliwa kwa ujumla wake. Kwa kweli barua hiyo hufunga pamoja madai ya aina mbili tofauti: la kwanza ni ahadi ya maandishi kwamba tendo halitarudiwa, na la pili ni fedha, ambazo nazo hugawanyika kuwa fidia ya mwenye haki na gharama za wakili wake. Kila dai lina msingi wake katika sheria, muda wake na hatari yake, na mpokeaji ana haki kamili ya kukubali moja na kukataa jingine. Isitoshe, macho ya wengi hukimbilia tarakimu za euro, ilhali ahadi ile isiyotajiwa bei ndiyo inayoweza kumfunga mtu kwa muda mrefu zaidi na kumgharimu zaidi.

Ukubwa wa kiasi kinachodaiwa haueleweki bila kujua namna faili zinavyosafiri katika mtandao wa BitTorrent, ambao ndio chimbuko la sehemu kubwa ya barua hizi. Katika mfumo huo filamu haikai kwenye kompyuta moja kuu, bali hukatwa vipande vidogo vidogo ambavyo kila mshiriki huvipokea kutoka kwa wenzake na papo hapo huvitoa kwa wengine, hivyo kwamba anayepakua huwa pia anapakia, mara nyingi bila kufahamu. Sheria ya Hakimiliki ya Ujerumani ya mwaka 1965 hutofautisha kunakili kazi, ambako ni haki moja, na kuiweka wazi kwa umma, ambako ni haki nyingine. Na madai ya barua ya onyo huegemea zaidi hii ya pili. Fidia haikadiriwi kwa bei ya DVD moja dukani, bali kwa makisio ya ada ambayo mtu angelipa iwapo angeomba leseni ya kuisambaza filamu hiyo kwa idadi ya watu isiyojulikana. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Mircom iliyoamuliwa tarehe 17 Juni 2021, ilithibitisha kwamba hata kutoa vipande ambavyo peke yake haviwezi kutazamwa kunahesabika kuwa ni kuiweka kazi wazi kwa umma, na hivyo ile hoja ya kale kwamba mtu alitoa vipande vichache tu imebakia na nguvu ndogo sana.

Kampuni zinazowafanyia kazi wenye haki hujiunga na mtandao huo kama washiriki wa kawaida na kuandika anwani za IP zinazotoa vipande vya filamu husika. Anwani ya IP ni nambari ambayo mtoa huduma wa intaneti humpa mteja wake kwa muda fulani, na kwa wateja wengi wa nyumbani hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo nambari pekee haina maana bila saa kamili iliyotumika. Tangu tarehe 1 Septemba 2008 sheria imemruhusu mwenye haki kuiomba mahakama imwamuru mtoa huduma ataje jina na anwani ya mteja aliyekuwa na nambari hiyo kwa wakati huo. Maombi yanayoihusu Deutsche Telekom, ambayo makao yake yako Bonn, hupelekwa katika Mahakama ya Mkoa ya Köln. Mpokeaji anayeona namba ya amri hiyo ndani ya barua huogopa akidhani amekwisha kuhukumiwa bila kusikilizwa. Hakuhukumiwa. Jaji katika hatua hiyo huangalia tu kama kuna uvunjaji wa haki ulio dhahiri na kama inafaa taarifa za mteja zitolewe, wala hachunguzi ni nani aliyekaa mbele ya kompyuta. Kinachopatikana ni jina la anayelipia laini, na kati ya jina hilo na jina la mtenda pana pengo ambalo ndilo uwanja wa mabishano yote yanayofuata.

Kabla ya kuingia katika mabishano hayo, ni lazima kuhakikisha kwamba barua ni ya kweli, kwa kuwa walaghai wamejifunza kuiga lugha ya mawakili. Jina la wakili huweza kutafutwa katika daftari rasmi la mawakili linalotunzwa na Chama cha Mawakili cha Shirikisho, na simu ipigwe kwa nambari iliyopatikana kwa njia nyingine, siyo ile iliyochapishwa kwenye barua inayotiliwa shaka. Ujumbe wa barua pepe wenye faili la kufunguliwa na akaunti ya benki ya nchi ya kigeni unastahili shaka kubwa. Barua iliyokuja kwa posta, yenye namba ya amri ya mahakama na saa ya tukio, kwa kawaida ni ya kweli, na kuitupa ni kujiletea gharama zaidi.

Sheria haikuwaachia mawakili waandike watakavyo. Kifungu cha 97a cha Sheria ya Hakimiliki kinataka barua imtaje mwenye haki, ieleze kwa usahihi tendo linalolalamikiwa, itenganishe fidia na gharama za wakili, na iseme wazi pale ambapo ahadi iliyoambatishwa inavuka mipaka ya tendo lenyewe. Barua isiyotimiza masharti hayo haina nguvu, na mpokeaji anaweza kudai arudishiwe gharama alizotumia kujitetea. Mwaka 2013, baada ya malalamiko ya miaka kadhaa kuhusu biashara iliyogeuza barua hizi kuwa kiwanda, Bunge la Ujerumani liliongeza kizuizi kingine: iwapo mpokeaji ni mtu binafsi ambaye hakutenda kwa biashara, na hajafungwa na ahadi ya awali kwa mwenye haki huyo huyo, thamani inayotumika kukokotoa ada ya wakili kwa madai ya kuacha tendo haipaswi kuzidi euro 1,000, isipokuwa pale ambapo mazingira ya pekee yangeifanya hesabu hiyo kuwa ya dhuluma. Kwa kuwa ada za mawakili nchini humo hufuata jedwali la kisheria linalotegemea thamani ya shauri, kizuizi hicho kiliishusha sehemu ya gharama hadi kiasi kidogo. Haikuchukua muda uzito wa madai ukahamia upande wa fidia, ambao haukuwekewa kikomo, na jumla inayodaiwa haikushuka kama waliotunga sheria walivyotarajia. Ni vigumu kutoliona hilo kuwa kasoro ya sheria yenyewe, kwani iliufunga mlango mmoja na kuuacha wa pili wazi.

Ahadi inayoambatishwa na barua huhitaji kusomwa polepole kuliko sehemu nyingine yoyote. Katika sheria ya Ujerumani, mtu akishavunja hakimiliki mara moja hudhaniwa kuwa anaweza kurudia, na dhana hiyo haiondolewi kwa kuomba radhi wala kwa kufuta faili, bali kwa ahadi yenye adhabu, yaani tamko la maandishi kwamba akirudia atamlipa mwenye haki kiasi fulani. Tamko hilo likikubaliwa huwa mkataba, na mkataba huo hauishi kwa kupita mwaka au kumi. Humfuata mtu maisha yake yote. Atakapokamatwa tena, hata kwa sababu ya uzembe mdogo, mwenye haki hatahitaji tena kuthibitisha hasara, kwani atadai adhabu iliyokubaliwa, ambayo huweza kufikia maelfu ya euro. Fomu zilizochapishwa tayari zimewahi kuongeza mambo mengine juu ya ahadi yenyewe, kama vile kukiri kosa, kukubali deni lote lililotajwa, au kupanua ahadi kutoka filamu moja hadi kazi zote za kampuni, ambazo mtia sahihi hawezi hata kuziorodhesha.

Kwa sababu hiyo mawakili wa upande wa utetezi hupendekeza tamko lililorekebishwa. Katika tamko hilo mpokeaji huahidi kutorudia kuhusu filamu iliyotajwa peke yake. Hueleza kwamba anaahidi bila kukiri wajibu wowote wa kisheria, ingawa ahadi inamfunga. Na badala ya kuandika kiasi maalumu cha adhabu, humwachia mwenye haki akikadirie kwa busara, huku mahakama ikibaki na uwezo wa kukipunguza, utaratibu ambao Wajerumani huuita desturi ya Hamburg. Tamko lililoandikwa vizuri huondoa hatari ya mwenye haki kwenda mahakamani kuomba amri ya zuio, yaani amri ya haraka ya kumkataza mtu tendo, ambayo gharama zake hukokotolewa kwa thamani iliyo juu mno kuliko zile euro 1,000 za barua ya onyo. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini kunyamaza kabisa ni hatari kwa mtu aliyetenda kweli: kizuizi cha mwaka 2013 humlinda katika hatua ya barua tu, wala hakivuki naye kizingiti cha mahakama. Muda unaotolewa kwa ahadi kwa kawaida ni mfupi, wa siku chache hadi wiki moja au zaidi kidogo, na ni huo unaopaswa kuangaliwa kwanza, kwa kuwa kuchelewa kulipa fedha hakuna madhara ya haraka kama kuchelewa kutoa ahadi.

Je, mtu ambaye hakutenda atoe ahadi? Zamani jibu lilikuwa gumu. Tarehe 12 Mei 2010 Mahakama Kuu ya Shirikisho, yenye makao yake Karlsruhe, iliamua shauri la mtu aliyekuwa likizoni wakati wimbo ulipotolewa kupitia Wi-Fi yake, na ikasema kwamba ingawa hakuwa mtenda, aliwajibika kwa kuiacha Wi-Fi hiyo bila ulinzi wa kutosha. Wajibu huo wa mtu aliyesababisha tendo bila kulitenda ulizua madai mengi dhidi ya wenye mikahawa, nyumba za wageni na wazazi. Hukumu za baadaye ziliulegeza: mnamo Novemba 2016, katika shauri la filamu ya The Expendables 2, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba nywila ndefu iliyowekwa kiwandani inatosha maadamu ni ya ruta hiyo moja na haitumiki kwenye ruta nyingine. Kisha marekebisho ya sheria ya Oktoba 2017 yaliuondoa wajibu huo kwa anayewapa wengine intaneti, na Mahakama Kuu ikayathibitisha mwaka 2018. Kwa hiyo leo asiyetenda hana deni la ahadi wala la fidia, na akitoa tamko lililorekebishwa hulitoa kwa tahadhari tu, akijua kwamba anajifunga kwa matendo yake ya kesho.

Lakini kutotenda ni jambo moja, na kueleweka na mahakama kuwa hukutenda ni jambo jingine. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mdai, ila mahakama huanza na dhana kwamba mwenye laini ndiye mtenda, kwa kuwa kwa kawaida yeye ndiye anayeitumia. Dhana hiyo huvunjika mwenye laini anapoeleza, kwa maelezo ya kina na siyo kwa kukana kwa jumla, kwamba wakati wa tukio walikuwapo watu wengine walioweza kuitumia laini kwa hiari yao, ni akina nani, walitumia vifaa gani, na nini alichokigundua alipowauliza. Wanasheria huuita wajibu huu mzigo wa pili wa maelezo: haumtaki mdaiwa athibitishe aliyetenda, bali aseme anachokijua na anachoweza kukijua kwa juhudi ya kawaida. Akiutimiza, mzigo humrudia mdai, ambaye mara nyingi hana ushahidi mwingine mbali na ile anwani ya IP.

Mipaka ya wajibu huo imechorwa na mfululizo wa hukumu zinazohusu maisha ya nyumbani kiasi kwamba mtu huweza kuzisoma kama historia ya familia za Kijerumani na intaneti yao. Mnamo Novemba 2012, katika shauri lililopewa jina la Morpheus, wazazi wa mtoto wa miaka 13 waliondolewa lawama kwa sababu walikuwa wamemkataza waziwazi kushiriki katika mitandao ya kubadilishana faili. Hawakutakiwa kumchungulia kila siku bila dalili ya uvunjaji. Mnamo Januari 2014 iliamuliwa kwamba mwenye laini hahitaji kumfundisha wala kumfuatilia jamaa yake mtu mzima anayeishi naye, isipokuwa akiwa na sababu maalumu ya kumshuku. Mnamo Mei 2016, katika shauri la filamu ya Silver Linings Playbook, waliopakua walikuwa wageni, yaani binti wa ndugu wa mwenye laini na mwenzi wake, waliotoka Australia na kupewa nywila ya Wi-Fi kama mgeni yeyote anavyopewa. Mahakama Kuu ilikataa kumtwika mwenyeji jukumu la kuwapa wageni watu wazima somo la hakimiliki mlangoni, na kanuni hiyo ilihusishwa pia na watu wazima wanaoishi pamoja katika nyumba ya kushirikiana. Kwa Waswahili wa ughaibuni, ambao nyumba zao hazikosi shemeji aliyekuja kutafuta chuo au rafiki anayesubiri chumba, hukumu hiyo ina uzito wa pekee. Mwaka huo huo mahakama ilisema kwamba mume halazimiki kuandika kumbukumbu za matumizi ya intaneti ya mke wake wala kuipekua kompyuta yake.

Hata hivyo ulinzi huo wa familia una ncha kali. Tarehe 30 Machi 2017 liliamuliwa shauri la albamu ya Loud ya Rihanna, ambamo wazazi wa Munich walieleza kwamba mmoja wa watoto wao watu wazima amekiri kwao, lakini wakakataa kumtaja. Mahakama haikuwalazimisha kumtaja, ila iliwahukumu wao kulipa zaidi ya euro 3,500 za fidia na gharama, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikaona kwamba hukumu hiyo haikukiuka ulinzi wa familia katika Katiba: mzazi yuko huru kunyamaza, na bei ya kunyamaza ni yake. Tarehe 18 Oktoba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri lililofunguliwa na mchapishaji Bastei Lübbe kuhusu kitabu cha sauti, nayo ilionya kwamba mwenye laini hawezi kujikinga kwa kusema tu kuwa jamaa zake nao wangeweza kuitumia, bila kueleza zaidi. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo, kwani mzazi asiyejua ni nani aliyetenda, baada ya kuuliza kwa uaminifu, yuko katika nafasi bora kuliko mzazi anayejua na kunyamaza. Wapo wanaoshauri kwamba kwa hiyo ni afadhali kutouliza, au kubuni mgeni ambaye hakuwapo. Ushauri wa kwanza hushindwa kwa sababu kuuliza ni sehemu ya wajibu wenyewe, na wa pili ni wa hatari, maana kuidanganya mahakama ili kushinda shauri la fedha ni kosa la jinai la ulaghai, na hulifanya jambo la madai kuwa jambo la polisi.

Linatokana na hayo jambo moja la utendaji ambalo halina budi kufanywa siku ile ile barua inapofika, hata kabla ya wakili kupatikana. Mwenye laini aandike nani walikuwa nyumbani katika tarehe na saa iliyotajwa, vifaa gani viliunganishwa, nani alipewa nywila, na majibu ya kila aliyeulizwa, kwa kuwa barua huja wiki au miezi baada ya tukio na shauri huweza kufika mahakamani miaka kadhaa baadaye, wakati mwenzake wa chumba ameshahamia mji mwingine. Jibu la kwanza kwa mawakili wa mdai halihitaji kubeba maelezo hayo yote. Simulizi iliyotumwa kwa pupa hubaki kwenye faili lao na husomwa tena kortini, neno kwa neno. Kupiga simu kwao kujieleza ni vibaya zaidi.

Hali hubadilika kidogo pale tuhuma inapohusu kutazama filamu moja kwa moja bila kuihifadhi. Mnamo Desemba 2013 maelfu ya watu nchini Ujerumani walipokea barua zilizowadai euro 250 kila mmoja kwa kutazama video za ngono kwenye tovuti ya Redtube. Baadaye Mahakama ya Mkoa ya Köln, ambayo ilikuwa imetoa amri za kutaja majina ikidhani ni mtandao wa kubadilishana faili, ilisema kwamba amri hizo hazikupaswa kutolewa. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kuwa kutazama kutoka chanzo ambacho mtazamaji anajua hakina idhini nako si halali, lakini mtazamaji wa namna hiyo hasambazi kitu na anwani yake haionekani kwa wapelelezi wa mtandao. Mtego uko kwenye programu za aina ya Popcorn Time, ambazo kwa macho hufanana na televisheni ya intaneti ilhali ndani yake hutumia BitTorrent na hupakia vipande wakati filamu ikiendelea. Aliyezitumia huapa kwa dhati kwamba hakupakua kitu, na kisheria kiapo chake hakimsaidii.

Hukumu ya Mircom ya mwaka 2021 iligusa pia biashara ya barua zenyewe, kwani ilisema kwamba kampuni iliyonunua haki za kudai peke yake haikosi ulinzi wa sheria kwa sababu hiyo tu, ila mahakama ya taifa ichunguze kama inatumia haki vibaya. Mfano wa matumizi mabaya ya kupindukia ulitoka Marekani, ambako mawakili wa kampuni ya Prenda Law walipatikana kuwa wamepandisha wenyewe filamu za ngono mtandaoni ili wapate watu wa kuwadai. Mwaka 2019 mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miaka 14 na mwingine miaka 5. Ofisi zinazotuma barua za filamu za Hollywood nchini Ujerumani haziko katika kundi hilo, na mpokeaji anayejenga utetezi wake juu ya dhana kwamba mawakili wote wa onyo ni matapeli hujidanganya.

Kuhusu fedha, basi, kilichobaki ni hesabu. Aliyetenda, na ambaye hana mtu mwingine wa kumtaja kwa ukweli, kwa kawaida hunufaika zaidi kwa kutoa tamko lililorekebishwa na kujadiliana juu ya kiasi, kwa kuwa ofisi za mdai hukubali mara kwa mara punguzo au malipo ya awamu, hasa mpokeaji anapothibitisha kipato kidogo. Kwa muziki, Mahakama Kuu mwaka 2015 ilikubali fidia ya euro 200 kwa kila wimbo. Kwa filamu, mahakama za chini hutofautiana kulingana na upya wa filamu na muda iliotolewa, na kiasi cha mia kadhaa hadi euro 1,000 si cha kushangaza. Makubaliano yoyote yaandikwe, na yaseme kwamba yanamaliza madai yote ya tukio hilo. Tamthilia ya mfululizo ihesabiwe kwa uangalifu, kwani kila sehemu huweza kuzaa barua yake, na kuimaliza moja hakumalizi nyingine.

Gharama za ushauri zisimzuie mtu. Mtu mwenye kipato kidogo anaweza kuomba katika mahakama ya wilaya hati iitwayo Beratungshilfeschein, ambayo humwezesha kumwona wakili kwa mchango wa euro 15. Vituo vya ulinzi wa walaji, Verbraucherzentrale, hutoa ushauri kwa ada nafuu. Na katika vyuo vikuu vingi serikali ya wanafunzi ina saa za wakili zisizolipiwa. Bima za kawaida za mashauri mara nyingi huyatenga masuala ya hakimiliki, na sharti hilo lisomwe kabla ya kuzitegemea.

Aliyekataa kulipa huingia katika kipindi kirefu cha kusubiri. Madai ya gharama za wakili hukoma baada ya miaka 3 inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambamo mdai alimjua mpokeaji, lakini mnamo Mei 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba fidia inayokadiriwa kwa ada ya leseni huweza kudaiwa hadi miaka 10, hivyo mpokeaji anayehesabu miaka 3 na kuchana karatasi zake huwahi mno. Kabla ya kesi kamili mdai mara nyingi huomba Mahnbescheid, hati ya amri ya malipo ambayo mahakama huitoa bila kuchunguza kama deni lipo, na ambayo hufika katika bahasha ya manjano. Mpokeaji ana wiki 2 za kuipinga kwa kuijaza fomu iliyoambatishwa, bila kutoa sababu. Asipofanya hivyo mdai huweza kupata hati ya utekelezaji, ambayo nayo hupingwa ndani ya wiki 2, na ikishathibitika hubaki na nguvu kwa miaka 30. Maombi ya hati hizi huongezeka Desemba, kwa sababu muda wa ukomo wa madai mengi huisha tarehe 31 ya mwezi huo, nacho ndicho kipindi ambacho wengi wako Mombasa, Moshi au Bujumbura kwa sikukuu. Na kwa kuwa bahasha iliyotumbukizwa katika sanduku la barua huhesabiwa imekabidhiwa hata kama mwenyewe hayupo, anayesafiri amwachie mtu anayeaminika ufunguo wa sanduku. Pingamizi lililochelewa bado hupokelewa maadamu hati ya utekelezaji haijatolewa, na ikishatolewa huhesabiwa kuwa pingamizi dhidi ya hati hiyo. Shauri likiendelea baada ya hapo, litasikilizwa katika mahakama ya mahali anapoishi mdaiwa, kwani tangu mwaka 2013 sheria haimruhusu tena mdai kumburuta mtu binafsi wa Rostock hadi mahakama anayoipenda yeye kusini mwa nchi.